Ile Nusu ya Gurudumu

Msinipe pole. Na asiniambie mtu majuto ni mjukuu, nitamtukana.

Kaka yangu alikuwa kwenye karasha pale Masumbwe, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Injini ikizimwa, gurudumu zito la pembeni huendelea kuzunguka. Wafanyakazi hulibana kwa ubao, macho wamefumba kwa ajili ya vumbi, wanahesabu kwa Kisukuma hadi kumi na mbili, ndipo wanapeleka mkono kuvua mkanda wa mashine. Jambo hilo lilimkera bosi. "Mnasali au mnafanya kazi?" alifoka kila siku.

Mimi nilikuwa likizo, kidato cha sita, mtu wa fizikia, kichwa kimevimba kama andazi. Kaka akaniuliza, "Mdogo wangu msomi, hivi ni lazima kumi na mbili?"

Nikacheka! Nikapima gurudumu kutoka katikati hadi ukingoni, nikaulizia uzito wake, nikahesabu mizunguko. Nikapata momenta yake ya mzunguko, yaani kile kinacholifanya ligome kusimama. Nikagawanya kwa nguvu ya ule ubao. Sekunde sita.

"Sita zinatosha, kaka. Hizo nyingine ni ushirikina."

Kesho yake akahesabu sita, akapeleka mkono. Gurudumu bado lilikuwa linakwenda. Vidole vinne, mkono wa kulia, mkono wa kulia chakula na wa kushika jembe.

Hospitalini bosi alisema ni uzembe. Uzembe! Mtu aliyewakimbiza watu kutwa nzima! Nilitaka kumrarua. Nikafungua daftari nimwonyeshe kwamba hesabu ilikuwa sahihi, na hapo nikaliona. Nilitumia kanuni yenye nusu, ile ya gurudumu lililojaa chuma kote kama sahani. Gurudumu letu katikati lilikuwa tupu, uzito wote uko ukingoni kama ringi ya baiskeli. Ile nusu haikuwa na kazi pale. Niliikariri tu, mpumbavu mimi, nikaibandika. Nikaifuta, nikapiga upya. Kumi na mbili.

Mama akaingia, kanga imemteleza begani, akauliza imekuwaje. Nilifungua mdomo. Kaka akaniwahi.

"Nilikosea kuhesabu, mayu."

Mama alimgombeza huku analia. Mpaka leo anamwita mwanawe asiyejua kuhesabu, na wageni wakija ananisifu mimi. Kaka anacheka nao, kikombe ameshika kwa kushoto. Mimi nanyamaza, mwoga mkubwa.