Kidole cha Talusi

Jirani yangu Talusi, msuka vikapu wa hapa Aleksandria, hufanya ishara ya msalaba kwa kidole kimoja kama sisi sote, kwa kuwa Kristo ana asili moja. Watu wa Kaisari hutumia vidole viwili: kimoja cha uungu, kimoja cha ubinadamu. Wazimu mtupu, lakini watu wanauana.

Juzi kisu kilimkata kidole hicho cha ishara, akakifunga kitambaa pamoja na cha pili, vikanyooka vyote viwili. Kanisani akasita: afanye ishara au asifanye? Akafanya. Askari wa Kaisari mlangoni akatabasamu.

Mama mkwe wake akamshika kiwiko. “Umeshatuuza?”

“Mama, ni kidonda!”

“Fungua tuone.”

Akafungua, damu ikachuruzika. Yule mama hakuitazama damu. Alisubiri kidole cha pili kikunjwe.