Fundi wa Maine agoma kujibu kesi Texas

Saa mbili asubuhi, Rolande Ouellette amelala kifudifudi kwenye sakafu ya karakana yake, mkono umezama mpaka begani ndani ya pikipiki ya theluji. Hapa kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, mashine ikigoma, huendi popote.

"Ninyi wa magazeti mnakaa tu?" anamwambia mwandishi. "Nipe spana namba kumi."

Fundi huyu wa miaka 58 alitengeneza programu ya simu inayosoma hitilafu za injini kuukuu, akawa anaiuza mtandaoni. Novemba, kampuni moja ya Texas ikamshtaki huko kwao, ikidai kaiba siri zao za kazi. Akishindwa, programu inafungwa.

Texas hajawahi kukanyaga. "Theluji yenyewe hawana," anasema.

Kampuni inadai anauza kule, hivyo mahakama ya kule ina haki ya kumhukumu. Ni kweli, mteja yupo mmoja: karani wa wakili wao, aliyeinunua wiki moja kabla ya kesi. Rolande akamtumia kadi ya shukrani kwa mkono wake, kama anavyomfanyia kila mteja: ukikwama nipigie, hata Jumapili. Sasa kadi hiyo ni kielelezo mahakamani.

Kilichomuuma zaidi ni kuitwa mwizi. Aliandika kurasa sita akieleza alivyoiunda programu yake, akabandika stempu. Shemeji yake Armand Cyr, karani mstaafu wa mahakama, akamnyang'anya bahasha mlangoni mwa posta. Akamweleza kwamba kwa sheria za kule, jambo la kwanza kutamka ni kuwa mahakama yao haina mamlaka juu yako. Ukianza kujitetea kuhusu wizi, umeshakubali wakuhukumu.

"Kwa hiyo waniite mwizi, mimi ninyamaze?" Rolande akauliza.

"Nyamaza kidogo, shemeji. Hujawahi kujaribu."

Rolande alimnunia siku mbili. Kisha akaandikia mahakama ya Texas ukurasa mmoja, akauthibitisha kwa kiapo: naishi Maine, nafanya kazi Maine, hamna mamlaka juu yangu. Kuhusu wizi, kimya.

Wiki iliyopita kampuni ilimpigia ikitaka aifunge programu, yaishe. Akakata simu.

Jaji atamsikiliza Alhamisi kwa video. Rolande anasema hatavaa nguo za kanisani. Ataongea akiwa hapahapa, na ovaroli lake.

"Sikatai kujibu," anasema, akijifuta grisi. "Wananitaka? Waje wafungue kesi hapa, mbele ya watu wanaonijua. Siku hiyo nitaongea mpaka jaji aombe kwenda kula, na Armand asithubutu kuninyamazisha."