Kitabu cha Radi cha Mwalimu Atuganile

Mwalimu Atuganile aliletwa kwetu kutoka Tukuyu kufundisha jiografia. Maktaba alipewa kwa sababu alichelewa kwenye kikao cha kugawana kazi. Bahati mbaya, chumba hicho kilikuwa kikavu kuliko vyote shuleni, na Ufipa chumba kikavu hakikosi anayekitaka. Aliyekitaka ni mkuu wa shule, Mwalimu Leonidas, aweke mahindi wanayochanga wazazi kwa chakula cha mchana.

"Vitabu havisomwi, mahindi yanaliwa," alimwambia mbele yetu, kamati ya chakula. "Mavuno yakifika na humo hakuna wasomaji, naingiza magunia."

"Nipe nafasi nichague vitabu vipya, mkuu."

"Chagua. Lakini vya mambo ya kweli. Hadithi wanazo za kutosha, hasa wakichelewa."

Likizo alikwenda Mbeya, akarudi na boksi zima la watu waliofanikiwa maishani. Kila jalada lina mwanamume kakunja mikono. Akavipanga, akafungua dirisha, akangoja. Mwanafunzi pekee aliyeingia alikuwa amefuata ufagio.

Atuganile hakulia, si tabia yake. Alimwita Minza wa kidato cha tatu, binti wa Wasukuma waliohamia huku na mifugo yao, akamuuliza vitabu vina kasoro gani.

"Madam, hawa wote wameshafanikiwa. Sisi ng'ombe wetu wanakohoa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna hata mmoja wao anayesema wanakohoa nini."

Mwingine angemchapa. Atuganile akaanza kusimama karibu na bomba la maji saa ya mapumziko, asikilize wanabishania nini. Mafanikio hayakutajwa. Walibishana kwa nini pikipiki inagoma asubuhi ya baridi, nyoka yupi anatema mate, na mawingu yakijaa, kama radi inatumwa au inakuja yenyewe. Safari iliyofuata alirudi na vitabu vya magonjwa ya mifugo, injini, nyoka, na kimoja cha radi, jalada jeusi limepasuliwa na mwanga mweupe.

Viti havikutosha. Wengine walisoma wamekaa sakafuni, na wa pikipiki walisoma huku wanagombana, lakini walisoma.

Kisha mwanafunzi mmoja, Kristiana, akaenda na cha radi nyumbani. Baba yake, Mzee Alfonsi, alikirudisha mwenyewe kwenye mkutano wa wazazi, amekibana kwa koleo la mkaa.

"Nani kaleta somo la kutuma radi?"

"Shikamoo baba. Ni mimi. Hakifundishi kuituma, kinafundisha inavyotokea."

"Marahaba. Sasa binti yangu, anayejua inavyotokea atashindwaje kuituma?"

Mkutano ukaguna. Swali lilikuwa zuri, ndiyo taabu yake.

Atuganile akakichukua kwa mikono mitupu akatusomea: ikinguruma, usijikinge chini ya mti, toka shambani, jembe liache hapo hapo. Watu walitulia. Mama mmoja wa Majengo akaninong'oneza, "Kumbe kina masharti, kama mganga."

Mkuu akaona waliotulia wameridhika, akaingiza ajenda yake, wasomaji wawepo wasiwepo: mavuno yamefika, vitabu vihamie kabatini, magunia yaingie maktaba.

"Mahindi yangu yalale na hicho?" Alfonsi akasimama tena. "Kikiita radi, watoto watakula majivu?"

"Hapana!" wazazi wakaitikia kwa pamoja. Hata mkuu alipoahidi kukitoa kitabu humo, haikusaidia. Chumba, walisema, kimeshakizoea.

Atuganile akanyanyuka. Nikamvuta sketi. "Kaa chini, mwanangu. Umeshinda."

"Sijashinda kitu, mama." Akapaza sauti. "Wazazi wangu, hii ni karatasi. Haiiti radi, haifukuzi radi. Mahindi yenu yatakuwa salama humo kama popote."

Kwa maneno hayo angepoteza chumba, kama angepatikana mtu wa kumwamini. Alfonsi alimsikitikia kwa heshima zote, kura ya mikono ikapigwa, magunia yakapangwa ofisini kwa mkuu mpaka dari.

Mkuu akahamishia meza yake maktaba. Alikaa katikati ya wasomaji akisaini makaratasi yake, akiwatazama kana kwamba ni wao waliomfukuza. Siku moja, sauti chini, akamwita Atuganile.

"Mwalimu, humu huna kitabu cha mdudu dumuzi? Ofisini kwangu mahindi yamekuwa unga kabla ya kufika mashineni."

"Sina, mkuu. Nipe ruhusa nikakitafute Mbeya."

Akamwandikia ruhusa papo hapo, akasema kikija aanze kusoma yeye.

"Samahani, mkuu," Minza akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu chake cha ng'ombe. "Hapa tunapanga foleni."