Mafuta ya Siku ya Harusi ya Shangazi Mwajuma

Harufu ya esanse, yaani petroli, iliyochanganywa na mafuta ya injini ilikaa nyumbani kwetu kama mtu wa ukoo. Ilikuwa kwenye mashati ya baba, kwenye pazia la chumba cha mbele, hata kwenye mkeka tuliokalia kula wali. Tuliishi ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba, na baba alivusha watu kwenda upande wa Kasongo kwa mtumbwi mkubwa wa mbao, nyuma yake imefungwa mashini kuukuu. Aliinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi, rangi imechubuka, na maandishi ya kueleza kipimo chake yamefutika kabisa. Haikuwa na mahali pa kuweka mafuta peke yake. Ulainisho wake wote ulitoka kwenye mafuta unayoyachanganya na esanse kabla ya kuondoka, na ukikosea, utajua uko katikati ya mto.

Kipimo cha baba kilikuwa kopo tupu la nyanya: kopo moja la mafuta kwa bidoni ya esanse ya lita tano, yaani karibu sehemu moja kwa ishirini na tano. Kwanza aliichuja esanse kwa kitambaa, maana ile ya chupa za barabarani ilikuja na maji na mchanga. Kisha alimimina mafuta taratibu, akafunga bidoni na kuitikisa akiwa ameikumbatia kifuani, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mashini ilimshukuru kwa moshi mzito wa bluu uliowaingia abiria puani na kwenye nguo. Mara nyingine buji, ile plagi ya cheche, ilichafuka, tukasimama mtoni akiisugua kwa brashi, lakini haikuwahi kutuacha.

Kiangazi ninachokikumbuka ni kile alichoolewa shangazi Mwajuma, mdogo wake baba, ambaye baba alimlea tangu wazazi wao walipofariki. Bwana harusi alikuwa na duka Kasongo. Siku zile nyumba ilinuka udi, na nguo za shangazi zilikuwa zimekunjwa vizuri sandukuni. Jioni moja akamtania baba, kaka yake mkubwa, "Yaya, na ile moshi yako, wakwe watafikiri umewaletea samaki ya kukausha!" Tulicheka sote. Baba pia alicheka, halafu akainua mikono yake akainusa.

Siku iliyofuata baba alirudi kutoka sokoni na chupa ya mafuta mapya kutoka kwa kijana anayewauzia wenye pikipiki wa njia ya Salamabila. Kijana alimwambia kuwa mafuta hayo ni ya kisasa, nusu ya kipimo inatosha, moshi hamna. Mama aliishika chupa akaisoma.

"Baba Asha, hii inasema juu ya mashini mupya. Yetu iko muzee. Muzee anakunywa mingi."

"Ni safari moja tu," baba akajibu. "Sitaki mudogo wangu afike kule ananuka kama mimi."

Mama akamrudishia chupa. Alijua baba hakuwa akizungumzia mafuta peke yake.

Asubuhi ya harusi akamimina nusu kopo. Tulipoondoka, wanawake wakapiga vigelegele, na kweli, moshi haukuonekana. Mashini ilikwenda mbio kuliko siku zote, sauti yake nyembamba na kali. Baba alikuwa akitabasamu kila shangazi alipogeuka kumtazama. Tulipofika penye maji makuu, sauti ikabadilika, ikawa kama mtu anayesaga meno, kisha kimya. Baba akavuta kamba ya kuwashia. Haikusogea hata kidogo. Mto ukatuchukua, watu wakashika kafi, wengine wakakata maji kwa sahani za harusi, hadi tukaangukia ukingo wa upande wa Kasongo, mbali na gati, chini kufuata mkondo.

Palikuwa na kijiji cha wakulima Wakristo. Mama mmoja aliyeitwa Veronika alitupokea kama wageni aliowaalika, akatupikia ugali na sombe ya majani ya muhogo, akamtuma mwanawe kwa baiskeli kupeleka habari Kasongo. Hofu ya wazee wetu ilikuwa kwamba wakwe wataona ni dharau, au ni mkosi. Baba alikaa kando ya mtumbwi, ametupa mgongo. Shangazi akamfuata, akaketi mchangani na nguo zake nzuri.

"Yaya, ulipunguza mafuta?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Juu yako."

Alimwegemea begani, akalia na kucheka kwa pamoja. Baba alitoa buji, akamwaga mafuta ndani ya silinda, wakayaacha yapenye hadi kesho yake. Asubuhi shangazi alijifunga kitenge cha kuazima, yeye na baba wakashika gurudumu la juu la mashini mikono minne, wakalisukuma mbele na nyuma. Lilipoanza kuzunguka, likilia, pikipiki ikaingia kijijini. Juu yake alikaa mama wa bwana harusi, macho mekundu.

Alimtazama shangazi, mikono myeusi hadi viwiko. "Nililia nikajua mumezama, mpaka mutoto wa baiskeli akafika," akasema. "Kumbe uko unatengeneza mashini!" Akamkumbatia hivyo hivyo, na kanga yake mpya ikachafuka mgongoni na kifuani. Baba alijaza kopo lote. Mama mkwe alikataa kurudi kwa pikipiki. Alikaa nyuma kabisa, kwenye moshi, akikohoa na kuimba mpaka gatini. Harusi ilifungwa siku hiyo.

Mashini haikurudia nguvu zake zote, ila ilitulisha miaka mingine mingi. Mwaka huu nilivuka tena pale kwa mtumbwi wenye mashini mpya ambayo haichanganyiwi kitu: esanse mahali pake, mafuta mahali pake. Ni salama zaidi, na sitaki kudanganya kwamba zamani ilikuwa bora, maana tuliogopa kila tulipovuka. Dereva alituvusha haraka, uso wake ukiwa kwenye simu, na tuliposhuka hakugeuka. Baba, enzi zile, kila mara kabla ya kufungua bidoni, aliuliza kwanza leo atampakia nani.