Mheshimiwa wa Lango la Nyuma

Shangazi yangu, mshonaji wa sare za shule, alishtakiwa yeye binafsi, na nyumba yake ya vyumba vitatu ikawa hatarini kuuzwa kulipia fidia, kwa moto ambao hakuuwasha. Kosa lake lilikuwa adabu.

Serikali ilikuwa imemteua kuingia katika bodi ya soko kama mwakilishi wa wafanyabiashara. Wajumbe wengine walikuwa wasomi na wastaafu wa vyeo vikubwa. Kila hoja ilihitaji mtu wa kuitoa na mtu wa kuiunga mkono, na kwa kuwa mabwana wale walitaka ionekane kwamba hata mshonaji anashirikishwa, mwenyekiti alizoea kumgeukia na kusema, "Mama yetu atuungie mkono, twende tukanywe chai." Naye aliunga. Tena aliipenda kazi hiyo. Aliifanyia mazoezi mbele ya kioo, kidevu juu: "Naunga mkono hoja." Sokoni wakaanza kumwita Mheshimiwa, naye hakuwakataza.

Hivyo ndivyo alivyounga mkono uamuzi wa kufunga lango la nyuma ili wakwepaji wa ushuru wakome. Kwanza aliuliza, "Na moto ukitokea?" Mwenyekiti akamjibu kwamba mlinzi atakaa hapo na ufunguo kutwa nzima. Mlinzi huyo hakuajiriwa kamwe. Moto ulipozuka kwenye vibanda vya magodoro, watu walibanana kwenye lango hilo lililofungwa, na muuza vitambaa, jirani wa shangazi tangu wote wawili wakiwa wasichana, alitoka na mikono iliyoungua hadi viwikoni.

Muuza vitambaa na wenzake wakafungua kesi. Walioshtakiwa ni bodi, mwenyekiti aliyetoa hoja, na shangazi aliyeiunga mkono. Wajumbe waliobaki, waliokubali kwa kunyamaza huku wakilitazama birika, hawakutajwa popote.

"Mheshimiwa," muuza vitambaa alimwambia walipokutana, mikono imefungwa bendeji, "na kesi yetu uiunge mkono basi."

Shangazi alimpisha apite. Alikwenda kwa wakili wa bodi.

"Mimi ni wakili wa bodi, mama," alisema yule bwana kwa upole. "Bodi ni bodi, na wewe ni wewe."

"Vikaoni mnasema bodi ni sisi."

"Vikaoni, ndiyo."

Kisha, kwa huruma ambayo hakuitoza ada, akamshauri aiambie mahakama kwamba hakuelewa kilichojadiliwa. Sheria humlinda mjumbe aliyetenda kwa nia njema, na nani ana nia njema kumshinda asiyeelewa kitu? Sheria hiyo ilikuwepo muda wote. Ni yule tu aliyeihitaji ambaye hakupewa nakala yake. Ushauri wenyewe ulimfaa zaidi mwenyekiti, kwani mtu asiyeelewa hawezi kuwa ameuliza swali, na swali lisiloulizwa halina aliyelijibu.

Nyumbani, mumewe aliona ushauri ule ni mzuri. "Mama watoto, heshima haitatufunika mvua ikinyesha. Sema hukuelewa, yaishe."

"Nikisema hivyo, wewe utakuwa umeoa nani?"

"Nitakuwa nimeoa mwenye nyumba."

Shangazi alicheka licha ya yote, lakini usingizi haukumjia.

Siku ya kutoa ushahidi, wakili wa bodi alimuuliza kama mtu anayemshika mtoto mkono kuvuka barabara: "Mama, mambo yale ya kitaalamu, kwa kweli uliyaelewa?"

"Niliyaelewa."

Wakili akafumba macho.

"Niliuliza habari ya moto. Nikaambiwa mlinzi atakuwepo na ufunguo. Nikaamini, nikaunga mkono."

"Nani alikwambia?" aliuliza hakimu.

"Mwenyekiti, huyo hapo. Akaongeza kwamba chai inapoa."

Hukumu ilisema kwamba kuuliza, kujibiwa na kuamini ndiyo nia njema yenyewe. Shangazi akaondolewa kwenye kesi, nyumba ikabaki yake. Mwenyekiti, aliyetoa ahadi akijua hana mlinzi, aliamriwa kulipa fidia kutoka mfukoni mwake. Muuza vitambaa alimpa shangazi mkono wake wenye makovu.

Tangu tarehe 1 Julai 2021, barua ya uteuzi wa bodi ya soko ina aya inayoeleza lini mjumbe atawajibika yeye binafsi. Tangu tarehe hiyohiyo, kiti cha mwakilishi wa wafanyabiashara, alichokiacha shangazi, hakijapata mtu.