Shamba Nililoliandika Kuwa Tupu

Kwa miaka mingi ofisi ya mji wa Kasongo na ofisi ya teritwari, inayotawala vijiji vya kandokando, ziliishi kama wake wenza: kila mmoja na chungu chake, na kila mmoja akimsema mwenzake kwa wageni. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kabambare ukavuka kijito, hakuna aliyejua uko mikononi mwa nani. Mji uligawa parseli, viwanja vya kujenga, pale. Teritwari nayo, kupitia wakubwa wa vijiji, iligawa parseli zile zile kwa watu wengine. Nimeona kwa macho yangu wanaume wawili wakichimba misingi ya nyumba mahali pamoja, kila mmoja na karatasi yenye muhuri, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi. Na watu walizidi kuja: wachuuzi wa dhahabu kutoka Lusangi waliotaka nyumba za bati, na familia zilizokimbia vijiji vyao.

Basi ofisi hizo mbili zilipokubali hatimaye kukaa meza moja, nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa karani wa mji. Walitaka kupima ardhi yote ya ng'ambo ya kijito, waseme hapa patakuwa na nyumba, hapa shule na soko, na huku mashamba yabaki mashamba. Tume iwe moja, na karani mmoja kutoka kila upande, mimi nikiwa wa mji. Mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye anaishi Kabambare na hakosi neno la kejeli, aliposikia alicheka. Alisema tembo wakipigana nyasi huumia, lakini ngojeni wapatane, maana hapo ndipo wanapozilalia. Nilimwona kama mtu wa zamani asiyetaka mji ukue.

Shamba la mama lilikuwa huko huko. Walilifyeka pamoja na marehemu baba walipooana, na kwa shamba hilo tulikula na tulisoma. Mama alililima kwa zamu kama alivyofundishwa kwao: mpunga kwanza, karanga baadaye, kisha muhogo. Muhogo ukiisha kung'olewa, aliliacha. Hakuligusa tena hadi vichaka vilifunike, na nyasi kali zilizo chini yake zife kwa kukosa jua. Nyasi zikifa, alikuwa akisema, udongo umeamka. Tulipoenda kupima, shamba lilikuwa katika mwaka wa tatu wa kupumzika, na goti la mama lilikuwa limeanza kumtesa. Hakuwa tena na shamba jingine ambalo angeweza kulifikia kwa miguu. Alikuwa akingoja nyasi zife.

Fishi, fomu tuliyopewa kujaza, ilikuwa na visanduku vitatu: nyumba, shamba lenye mazao, ardhi tupu. Aliyeitunga simjui, lakini nina hakika hajawahi kushika jembe. Siku ya kwanza, kapita, mkubwa wa kijiji kimoja, alituonyesha kichaka kirefu, akasema yale ni mashamba ya watu wake, yamelala. Mimi, mtoto niliyelelewa na jembe, nilimjibu kwa ukali kwamba tunaandika kinachoonekana. Karani wa teritwari alinitazama, kisha akakubali kwa kichwa. Tulikuwa tunachungana, kila mmoja akingoja kumkamata mwenzake akipendelea ndugu zake. Tuliandika tupu, tupu, tupu, asubuhi nzima. Kapita alitufuata nyuma.

Siku ya tatu tulifika kwa mama. Yeye alikuwa sokoni. Vichaka vilinifika kifuani. Karani mwenzangu aliuliza hili ni la nani, nikamjibu ni la mama yangu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kama ningeandika shamba, ningekuwa nimemwonea yule kapita mbele ya watu wake. Niliandika tupu. Mwenzangu akanipiga begani, akasema kazi hufanywa hivyo. Na hapa niseme ukweli wote: nilijisikia vizuri. Nilirudi mjini nikijiona mtu mnyoofu kuliko wote Kasongo.

Orodha ya ardhi tupu itakayogawiwa ilibandikwa kwenye ofisi zote mbili, na mwenye neno alipewa muda wa kuja kulisema. Mama hakujua kusoma, nami sikumwambia. Nilijidanganya kwamba nitalitengeneza jambo hilo mwenyewe, kimya kimya, nisimtie wasiwasi wa bure. Mkuu wangu alinisikiliza vizuri, akasema hilo linataka sahihi ya teritwari. Watu wa teritwari walinisikiliza vizuri zaidi, wakanipa hata kiti, wakasema mji uanze. Zamani, wakati wa ugomvi, ningeenda upande mmoja nikapata karatasi ya kuukomoa upande mwingine. Sasa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvunja mapatano kwa ajili ya kichaka cha mama mmoja. Nikirudi nyumbani mama aliniuliza habari za kazi, nami nikajibu salama. Nitamwambia kesho, nilisema. Muda ukaisha nikiwa bado nasema kesho.

Siku nyasi zilipokufa alijua mwenyewe. Aliondoka alfajiri na jembe na panga, goti amelifunga kitambaa, na kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi. Aliegemeza jembe ukutani, akaketi kwenye mkeka. Alisema amekuta vigingi vya saruji shambani, vina namba, na kuna bwana mmoja wa Lusangi aliyemwambia kwa heshima kabisa kwamba pale atajenga nyumba. Yeye alidhani watu wamekosea tu mahali. Akaniomba niende ofisini nikamtafute aliyeandika, nimweleze.

Nikamwambia aliyeandika ni mimi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama utotoni nikianguka, akitafuta nimeumia wapi. Kisha akauliza:

"Mutu akilala mu nyumba yake, munaandika nyumba haiko na mutu?"

Nilianza kumweleza habari za visanduku vitatu. Niliyasikia maneno yangu yakitoka, nikaona aibu.

"Ungeniuliza, mwanangu," akasema. "Nilikuwa hapa tu."

Mjomba alifika wiki iliyofuata, siku mbili juu ya pikipiki, matope ya barabara ya Kabambare yamempanda hadi kiunoni. Kwetu mjomba si mtu wa kuchezewa. Neno lake juu ya watoto wa dada yake hushika, liwe baraka au laana, na sijamwona Mwislamu wala Mkristo anayelidharau. Safari hii hakucheka. Alisikiliza habari yote, akauliza ni karani gani aliyeandika. Mama alisema hajui. Bila kujua kwamba nilikuwa kwenye tume, mjomba akanigeukia mimi mtu wa ofisi, nami nikainamisha macho. Basi mjomba akasimama, akanyoosha mkono kuelekea upande wa shamba. Alisema kama jina halijulikani, mkono ulioandika unajulikana, na yeye atausema ukauke hapa hapa.

Mama alikuwa ananipakulia sombe, majani ya muhogo ya kununua sokoni, kitu ambacho zamani hakikuingia nyumbani mwake. Aliacha mwiko ndani ya chungu.

"Yaya, acha," akamwambia kaka yake mkubwa. "Ule mwenye kuandika naye iko na mama."

Mjomba akashusha mkono, akaketi. Alisema dada yake ana moyo mwema kupita kiasi. Kisha akanisihi mimi nimtunze, kwa kuwa ndimi macho ya familia ndani ya ofisi ile. Nilipaswa kusema pale pale. Mama hakunitazama. Alisukuma sahani mbele yangu, nami nikala kwa mkono ule ule.