Sikuwa nachimba dawa, nilikuwa nangoja ua

Jamani, leo nimekutwa nimechuchumaa nyuma ya ukuta hapa mtaani Bertrams, huku ugenini, na wala sikuwa nimebanwa!

Nilikuwa nangoja ua lifunguke. Siku ya tatu hii.
Limeota kwenye ufa wa lami, nami nataka kulilinganisha na picha za maua ya jangwani kule Namaqualand. Bila jua halifunguki. Na mimi siondoki.

Akapita Zuhura, Mtanzania mwenzangu, akapaza sauti mtaa mzima: "Wee, unachimba dawa mchana kweupe?"

Kwetu huko ni kujisaidia vichakani. Mama Furaha, jirani yetu wa Bukavu, hajui hilo.
Mara huyo, na kisu na mfuko. "Dada, unigawiye na miye hiyo dawa. Mugongo inaniuma sana."

Eish! Nikalikinga ua kwa mikono. "Mama, hapa hapachimbwi kitu!"

Tukiwa tunabishana, jua likatoka. Ua likafunguka: rangi ya chungwa, duara jeusi katikati. Ndilo lenyewe!

Mama Furaha akalitazama weee.
"Sasa, ya kunywa ni majani ao mizizi?"

Nimelizungushia matofali manne. Chekeni tu. Atakayekuja na kisu kesho atanikuta nimechuchumaa palepale.